Tambi za Nyama kwa Mtindo wa Kijapani, Jikoni Mbwawa, Kibaha

Chakula hiki kinaanzia buchani. Mwambie muuzaji, "Kaka, nipe nusu kilo ya steki, kipande kimoja, usinikatie." Atakutazama, maana mkono wake umezoea kucharanga nyama ya mchuzi. Shikilia hapohapo. Ukirudi nyumbani na vipande vya mchuzi umeshashindwa, kwa sababu siri ya kuivisha nyama kwa dakika chache iko kwenye kisu, na kisu kinataka kipande kizima.

Wajapani wenyewe walichelewa kuzoea nyama ya ng'ombe. Mwaka 675 Mfalme Tenmu aliikataza kwa sehemu ya mwaka, na makatazo ya namna hiyo, pamoja na mafundisho ya Kibudha, yakaifanya nyama ya wanyama wa kufugwa kuwa chakula cha aibu kwa karne nyingi. Ilipofika 1872 ndipo ikatangazwa kwamba Mfalme Meiji amekula ng'ombe. Watu wakaiingiza nyama hiyo katika mapishi yao ya soya sosi na sukari, ikiwa imekatwa nyembamba. Kutoka hapo wakapata gyudon, yaani wali uliofunikwa nyama, na niku udon, tambi nene zenye mchuzi na nyama. Zile za kukaangwa huitwa yakisoba. Tambi za yakisoba ni za ngano, na hiyo ndiyo bahati yetu: spageti ya duka la mtaani inaweza kushika nafasi yake.

Nyama ndiyo yenye mgogoro. Ng'ombe wao maarufu hulishwa bandani hadi mafuta yanatapakaa ndani ya nyama. Wetu ni zebu aliyekula kwa kutembea, akachinjwa alfajiri, akatundikwa bucha asubuhi, na jioni yuko kwenye sufuria yako. Nyama kama hiyo haijapata siku zake za kukaa kwenye baridi ilainike. Ukiikata nene na kuikaanga haraka, mtatafuna hadi isha.

Kama una friji, weka kipande kwenye frizaa kama dakika 40, kikaze bila kuwa jiwe. Kisha kitazame vizuri: nyuzi zinaelekea wapi? Kisu kizikate kwa kukingama, kisizifuate. Kila kipande kiwe chembamba kama sarafu. Asiye na friji anoe kisu tu, akate polepole. Itachukua muda zaidi, matokeo ni yaleyale.

Sasa ilainishe kwa namna wanayoijua wachoma mishikaki wote wa pwani: papai bichi. Utomvu wake una kimeng'enya kinachovunja nyuzi za nyama. Kijiko kimoja cha chai cha papai lililosagwa kinatosha nusu kilo, na dakika 15 zinatosha. Nyama hii ni nyembamba. Ukiisahau ndani ya papai kwa saa nzima itakuwa kama uji. Nanasi bichi nalo linafanya kazi hiyo, na jirani zetu wa Kiwangwa, Bagamoyo, wanalo tele. Chagua moja, usichanganye yote mawili.

Tambi sasa. Zile za Kijapani za rameni na yakisoba huwa na rangi ya njano kidogo na huvutika kwa sababu unga wake hukandwa na maji yenye chumvi za kabonati, ndugu wa magadi yetu. Mimi niliposikia hivyo nilikimbilia magadi ya mawe, yale ya makande. Nikatia donge zima. Tambi zikanuka sabuni, tukala ugali usiku ule. Tena magadi ya mawe ya maziwa ya Bonde la Ufa huwa na floraidi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa ya watoto. Nunua bekingi soda ya pakiti. Chemsha lita 2 za maji, tia vijiko viwili vya chai vya bekingi soda kidogokidogo, maana maji yatafura povu na kuzima jiko, kisha spageti gramu 400. Zikiiva, zimwage kwenye chujio na uzisuuze kwa maji safi hadi utelezi uishe. Utaona zimegeuka njano na zinaruka mdomoni. Angalia lebo vizuri: bekingi pauda ni kitu kingine, haitafanya kazi hii.

Wenye haraka kuliko sisi watatumia tambi za pakiti, zile za kuchemsha dakika tatu. Hazina ubaya wa kuzikatalia. Hata hizo asili yake ni Japani, kazi ya Momofuku Ando mwaka 1958. Ila kile kifuko cha viungo kiweke pembeni, kwa sababu kimejaa chumvi na sisi chumvi yetu itatoka kwenye chupa.

Chupa hiyo ni ya soya sosi. Kijiko kimoja cha chakula kinabeba sodiamu karibu miligramu 900, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke miligramu 2,000 kwa siku. Kwa watu wanne tumia vijiko vinne vya chakula, basi. Kila mmoja atakuwa tayari amekula karibu nusu ya posho yake ya siku. Kwa hiyo usiongeze chumvi, usiongeze mchuzi wa kipande. Mwenye presha apunguze hadi vijiko viwili na kukamulia ndimu. Changanya soya sosi na vijiko viwili vya sukari, kijiko cha chai cha siki, na nusu kikombe cha supu ya dagaa.

Ndiyo, dagaa. Msingi wa mchuzi wa Kijapani huitwa dashi, na moja ya aina zake hutengenezwa kwa niboshi, visamaki vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Dagaa wa baharini kwetu nao wengi huchemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa juani, kwa hiyo anayepika Mbwawa ana dashi kwenye gunia la sokoni bila kujua. Chukua konzi moja, toa vichwa na matumbo maana ndiyo yenye uchungu, loweka nusu saa, chemsha dakika 10, chuja. Onja kabla ya kutia. Dagaa wengine wana chumvi kali. Ile ladha nzito inayobaki ulimini ndiyo profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliichunguza mwaka 1908 kwenye mwani wa kombu na kuipa jina umami. Mpishi wa kisamvu cha dagaa anaifahamu bila jina.

Vitabu vya mapishi vitakutajia pia mirin. Hicho ni kileo cha mchele. Iache, sukari imeshafanya kazi yake. Kama mezani kuna Waislamu, soma pia lebo ya soya sosi, kwani nyingine huongezwa kileo ili isiharibike.

Kabla ya kuwasha jiko, kila kitu kiwe kimekatwa: kitunguu maji, karoti vijiti vyembamba, robo ya kabichi, punje tatu za saumu, tangawizi kama kidole gumba, majani ya kitunguu. Ukianza kukaanga hutapata nafasi ya kumenya chochote. Kikaango kipate moto hasa, mafuta yacheze. Tia nusu ya nyama, itandaze, usiikoroge kwa dakika moja, kisha igeuze. Ukiitia yote kwa pamoja itatoa maji na kujichemsha. Iive hadi wekundu uishe kabisa. Mjapani anaweza kuiacha ya waridi, lakini nyama isiyoiva inaweza kuwa na tegu, na mhuri wa mkaguzi unaouona buchani haukuruhusu kuila mbichi. Itoe, kaanga nusu ya pili, itoe nayo. Ubao na kisu vilivyogusa nyama vioshwe kabla havijagusa kitu kingine.

Kwenye kikaango hichohicho weka kitunguu, karoti na kabichi kwa dakika tatu, vibaki na mlio vikitafunwa. Saumu na tangawizi nusu dakika. Rudisha nyama, tia tambi, mwagia sosi, geuzageuza hadi kila uzi ung'ae. Majani ya kitunguu juu. Tangu mafuta yalipopata moto, dakika 12 hazijafika.

Mkaa unaweza, ila ujaze jiko na kulipepea, kwa sababu moto mdogo unaharibu pishi hili. Mtungi mdogo wa gesi ni bora zaidi, na kwa dakika 12 hautaumia. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Sisi wa Kibaha na Kisarawe, ambao misitu yetu imekuwa ikiwapikia watu wa Dar es Salaam kwa miaka mingi, tuna sababu ya ziada ya kuufuatilia.

Vijiti si lazima, uma unatosha. Mtoto akivuta tambi kwa mlio mwache, huko zinakotoka hakuna anayemkemea. Kwa kilichobaki, joto la huku halina subira: ndani ya saa mbili kiwe kwenye friji. Kama huna friji, mpelekee jirani kingali cha moto.