Kinda Aliyeanguka Kiotoni

Watoto wakikuletea kinda wa ndege, mtazame kwanza. Akiwa amekwisha kuota manyoya na kurukaruka, mweke kichakani, mbali na paka. Wazazi wake watamlisha. Akiwa uchi, mrudishe kiotoni. Si kweli kwamba mama yake humkataa kwa ajili ya harufu ya mkono wa mtu.

Bali ikiwa wazazi wamekufa, mpe joto kabla ya chakula, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Usimtilie maji kinywani, maana tundu la pumzi li penye shina la ulimi. Wala usimpe maziwa. Kinda wa shomoro hutaka wadudu laini, kidogo kidogo, kila nusu saa, tangu alfajiri hata jua kuchwa. Asiyeweza kazi hiyo na amtafutie mwingine awezaye.