Somo la 23: Mbwa wa nyumbani

Mbwa ni rafiki wa watu tangu zamani sana. Analinda nyumba usiku, anafukuza nyani shambani, anafuatana na wawindaji. Katika misitu ya Kongo kuna mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Ng'ambo wanaitwa basenji. Hawabweki kama mbwa wengine. Kwa hiyo wawindaji wanawafunga kengele ya mti shingoni, wapate kuwasikia porini.

Watoto wanapenda kucheza na mbwa. Lakini mbwa hana maneno. Anasema kwa mwili wake. Sharti mtoto aijue lugha hiyo. Mbwa aliyelegeza mwili na kutikisa mkia anafurahi. Mbwa anayekaza mwili, anayenguruma na kuonyesha meno, anasema: «Niache!» Hapo mtoto mwenye akili hakimbii wala hapigi kelele. Anasimama kimya kama mti, hamtazami mbwa machoni, kisha anarudi nyuma polepole.

Kuna saa ambazo mbwa anataka kuachwa peke yake: anapokula, anapotafuna mfupa, anapolala, anaponyonyesha watoto wake. Hata mbwa mpole anaweza kuuma saa hizo. Wazee wanasema: «Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha, utalala wewe.»

Wazazi nao wana kazi yao. Hawamwachi mtoto mchanga peke yake na mbwa, hata kwa dakika moja. Wanampa mbwa chakula na maji kila siku, na wanampeleka kuchanjwa. Mbwa mwenye njaa, au anayepigwa mawe, ni mwepesi wa kuuma. Watoto wakiisha kucheza naye wananawa mikono kabla ya kula, kwa kuwa mbwa anaweza kuwa na minyoo.

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo unakaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Unaingia mahali alipouma, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Mara nyingi wiki nyingi zinapita, na mtu haoni neno lolote. Lakini alama za ugonjwa zikianza kuonekana, karibu kila mgonjwa anakufa.

Watoto wengine wanaficha jeraha. Wanaogopa kupigwa, kwa sababu walimchokoza mbwa au walipita mahali walipokatazwa. Kuficha hivyo kunaweza kuleta kifo. Mzazi mwema hamgombezi mtoto aliyeumwa na mbwa, anamwosha kwanza. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, muda wa dakika 15. Kisha mtoto apelekwe hospitali siku ileile, apate sindano zote bila kukosa hata moja. Kupaka majani au mafuta hakuzuii ugonjwa huo.

Katika mwezi wa Julai 1885, mtoto mmoja wa Alsace, huko Ulaya, jina lake Joseph Meister, aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Alikuwa na miaka 9, na majeraha yake yalikuwa mengi. Mama yake hakukawia. Siku 2 baadaye walikuwa wamefika Paris kwa Louis Pasteur, mtaalamu aliyekuwa akitafuta dawa ya ugonjwa huo. Mtoto alidungwa sindano siku kwa siku, naye hakupata kichaa. Alikua, akawa mlinzi wa nyumba ile ya elimu iliyoitwa kwa jina la Pasteur.

Basi, mtoto anayemjua mbwa na kumheshimu anaweza kucheza naye kwa furaha. Na akiumwa, anasema siku ileile.

Maulizo
1. Kwa nini mbwa wa msituni wanafungwa kengele?
2. Mbwa anaonyeshaje kwamba amekasirika?
3. Taja saa 4 ambazo mbwa asiguswe.
4. Kwa nini ni hatari kuficha jeraha la mbwa?
5. Ni mambo gani 2 yanayofanywa siku ileile mtoto akiumwa na mbwa?