SHAMBA LA NABOTHI NA MUHURI WA KIJIJI

Someni kwanza: 1 Wafalme 21:1–16, kisha Hesabu 27:1–11.

Ndugu Wakristo, habari za Nabothi tumehubiriwa mara nyingi, na kila mara lawama humwangukia Yezebeli. Mwezi huu tuwatazame watu wengine, yaani wazee wa mji. Shamba lile halikuchukuliwa kwa upanga. Lilichukuliwa kwa barua, muhuri na mashahidi wawili wa uongo. Wazee walimfahamu Nabothi, walikaa naye mji mmoja. Barua ilipowafikia walitii tu, hakuna aliyeuliza.

Kwetu wazee hao ni sisi. Shamba linapouzwa huitwa nani kutia sahihi? Jirani, balozi, mzee wa kanisa. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa shahidi wa mauzo bila kwenda kuukanyaga mpaka, kwa sababu muuzaji alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na mvua ilikuwa inanyesha. Baadaye ikaonekana kwamba kipande cha upande wa minyaa kilikuwa cha shangazi yake mjane. Misimu miwili ya kilimo ilipita kabla hajarudishiwa. Muda huo wote tulikutana naye mlangoni mwa kanisa asinisalimu, wala sikuwa na la kumwambia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inayotumika Tanzania Bara, imeikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi. Hata hivyo Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Kwa hiyo muhuri wa mwenyekiti peke yake haumpi mtu shamba. Sheria hiyo hiyo yasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia. Mabinti watano wa Selofehadi walidai jambo hilo mbele ya Musa na mkutano wote, nao wakapewa urithi.

Kuna pia ugomvi wa tangu Operesheni Vijiji. Mtu asema, "Hapa palikuwa pa babu." Pengine ni kweli, lakini kifungu cha 15 kimethibitisha ugawaji wa ardhi ya vijiji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Wajukuu wasipoteze ng'ombe kwa kesi hizo.

Pakiwa na shauri, tuanzie Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, husuluhisha tu, ingawa wengi bado wanalikimbilia kutafuta hukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji aweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wenzetu ambao kijiji chao kimemezwa na mji na kuitwa mtaa, waanzie Kata.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Wazee wa Yezreeli waliogopa nini?

2. Mkeo na binti zako wanaifahamu mipaka ya shamba lenu? Mmeizunguka pamoja lini?

3. Ukiletewa karatasi ya mauzo jioni, na muuzaji ni ndugu yako, utamwambia nini?