NDEGE WA VIJITO VYA MLIMANI

Mkulima, ikiwa shamba lako limepakana na kijito kitokacho Nyandarua, Mlima Kenya au Elgon, huenda umemwona ndege mdogo juu ya mawe, akitikisa mkia juu na chini bila kupumzika. Yafaa umfahamu, maana hukuonyesha hali ya maji yako.

UMBO LAKE. Tangu mdomo hata ncha ya mkia ni kama sentimita 19. Mgongo ni wa kijivu chenye ubuluu, tumbo ni jeupe, na kifuani ana mstari mwembamba mweusi. Usimdhanie kuwa ni yule ndugu yake wa uani, mwenye mgongo mweusi kabisa na mstari mpana kifuani.

MAKAO YAKE. Hupenda maji yaendayo mbio juu ya mawe, penye miti ukingoni. Dume na jike hukaa pamoja katika sehemu yao ya mto, na huwafukuza wengine. Chakula chao ni wadudu wa majini na wale warukao juu ya maji.

UZAZI WAKE. Kiota hujengwa kwa nyasi, majani na mizizi myembamba, katika ufa wa mwamba, tundu la ukingo au chini ya daraja. Mayai aghalabu ni 2 au 3. Dume na jike huyaatamia kwa zamu, siku 13 au 14, kisha wote wawili huwalisha makinda. Kwa kuwa kiota kiko karibu na maji, mafuriko ya ghafula hukichukua.

Mafuriko hayo huzidi pale mashamba yasiyo na matuta yanapolimwa hadi ukingoni. Maji yachukuayo kiota huchukua pia udongo wako wa juu, pamoja na mbolea uliyoinunua.

Basi fanya hivi:

1. Acha ukanda wa miti na nyasi ukingoni, usiulime.

2. Lima kwa kukingama mteremko, uweke matuta.

3. Usioshe bomba la dawa mtoni. Dawa huua wadudu anaowala ndege huyu, na jirani yako wa chini huchota maji hayo hayo.

4. Wanyweshe ng'ombe mahali pamoja palipotengenezwa, wasibomoe ukingo.

Ndege huyu akitoweka kijitoni kwako, usipuuze. Tazama ukingo, tazama maji, kisha umwite Bwana Shamba mshauriane.