Mbona Mmea wa Maji Haukui? Somo la Chupa Nane

Katika maabara yetu liko tangi la kioo ambalo wazazi wengi waliokuja kututembelea wamepata kulitazama. Ndani yake mna mmea wa majini ambao sisi shuleni tunauita mkia wa mbweha, kwa sababu majani yake membamba kama sindano huzunguka shina duara juu ya duara, hata shina zima likafanana na mkia wenye manyoya. Wataalamu huuita Ceratophyllum demersum, jina aliloupa Linnaeus wa Sweden mwaka 1753. Umo katika Ziwa Victoria, na umo pia katika mabwawa ya Ulaya na Marekani. Husemwa kwamba ni mmea rahisi sana kuutunza, hata mtoto aweza. Mimi nina miaka 17, na ulinishinda. Nataka kueleza jinsi ulivyonishinda, jinsi sababu ilivyopatikana, na kosa nililomtendea mwenzangu katikati ya mambo hayo.

MMEA WENYEWE

Kwanza yafaa kujua kwamba mkia wa mbweha hauna mizizi. Mhindi hutafuta chakula chake katika udongo, lakini mmea huu hunyonya chakula katika maji kwa majani na shina lake. Basi kwake yeye maji ndiyo shamba. Ndani ya maji hayo lazima apate naitrojeni, fosforasi, potasiamu, magnesi, chuma na vitu vingine vichache, kila kimoja kwa kiasi chake. Tena huhitaji hewa ya kabonidayoksaidi iliyoyeyuka majini, na hewa hiyo ikiwa haba, aweza kutumia baikaboneti iliyomo katika maji.

Akipata vitu hivyo pamoja na mwanga, hujitengenezea sukari, na kutoa oksijeni. Oksijeni hiyo huonekana kama viputo vinavyopanda. Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1779 kwamba mimea ya majini hutoa viputo hivyo ikiwa katika mwanga, na gizani huacha. Jaribio hilo ndilo tunalolifanya sisi wa kidato cha nne: twaweka kipande cha mmea chini ya faneli ndani ya maji, twafunika kwa neli ya kioo, kisha twahesabu viputo. Pasipo mmea wenye afya, hakuna cha kuhesabu.

JINSI ULIVYODHOOFIKA

Mwezi wa Januari nilikabidhiwa uangalizi wa tangi katika Chama cha Sayansi. Wakati ule mlikuwa na sato wadogo wapatao kumi. Kwa kuwa walikuwa wamekua, tuliwahamishia katika bwawa la samaki la shule, mmea ukabaki peke yake. Mimi nilipoyaona maji yana rangi hafifu, niliona kuwa ni uchafu. Nikaweka sheria mpya: kila Jumamosi maji yote yamwagwe, tangi lioshwe, kisha lijazwe maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la bweni. Tena nikaliondoa dirishani na kuliweka pembeni nyuma ya kabati, ili jua lisilete utando wa kijani kwenye kioo. Maji yaling'aa hata ungaliweza kusoma gazeti upande wa pili. Nilijivunia sana.

Kufika Machi mmea ulikuwa umepauka. Sindano zake zilidondoka na kulala chini, na machipukizi mapya hayakuonekana. Kilichosalia kilikuwa kifungu kimoja tu, nasi wanafunzi 40 tulikuwa tukingoja kufanya jaribio la viputo mwezi wa Mei.

Kazi ya kuosha tangi ilikuwa ya kijana mmoja wa kidato cha kwanza. Jumamosi moja nilimkuta mlangoni pa maabara, ana kipande cha sabuni mkononi.

"Kumbe wewe ndiwe unayeua mmea! Unaosha tangi kwa sabuni."

"Hapana, kaka. Sabuni hii nimetoka kufulia shati."

Nilimwita mwongo mbele ya wenzake, nikalifuta jina lake katika daftari la chama. Akaondoka, hakujibu neno.

Tangu siku ile nikawa naliosha tangi mimi mwenyewe, kwa maji matupu. Wiki tatu zikapita, mmea ukazidi kufifia. Nikalirudisha tangi dirishani kwa siku nane; sikuona nafuu. Nikalitia tena nyuma ya kabati, nikaandika daftarini: "Mwanga si sababu." Ndipo nilipokwenda kwa mwalimu wetu wa Biolojia.

Aliniuliza swali moja tu: "Tangu Januari umebadilisha nini?"

Nikajibu, "Hakuna, mwalimu, ila nimeongeza usafi."

Akaniambia nikae niandike kila kilichobadilika, kikubwa na kidogo. Nikaandika: samaki wameondoka, maji sasa ni ya mvua, humwagwa yote kila Jumamosi, tangi limetoka dirishani. Mambo manne, na yote ni yangu. Mwalimu akaisoma orodha, akasema, "Na sabuni iko wapi hapa?" Sikuwa na jibu.

CHUPA NANE

Mwalimu alinishauri nisiendelee kubahatisha kwa tangi zima, bali nijaribu kwa chupa. Nilitafuta chupa nane pana za kioo, zote za namna moja. Katika kila chupa nilitia kipande cha ncha ya mmea chenye urefu wa sentimita 10. Chupa nne nilizitia maji ya mvua, na nne maji ya bwawa la samaki. Kisha chupa mbili za kila maji niliziweka nyuma ya kabati, na mbili karibu na dirisha mahali penye mwanga mwingi pasipopigwa na jua kali. Hivyo kila hali ilikuwa na chupa mbili, ili moja ikipatwa na ajali nyingine itoe ushahidi. Maji ya chupa zote niliyabadilisha Jumamosi, kwa namna moja.

Baada ya siku 21 nilipima tena. Wastani wa kila hali ulikuwa hivi:

Maji ya mvua, nyuma ya kabati: sentimita 10. Hayakukua hata kidogo, na sindano zilidondoka.

Maji ya mvua, dirishani: sentimita 11. Rangi ilikuwa ya manjano.

Maji ya bwawa, nyuma ya kabati: sentimita 12. Rangi ya kijani, lakini shina jembamba na duara za majani zimeachana mbali.

Maji ya bwawa, dirishani: sentimita 22. Kijani kibichi, tena kila kipande kimetoa matawi.

MAANA YAKE

Tazameni vizuri hesabu hizo, maana ndani yake mna jambo ambalo sikulitazamia. Mwanga peke yake uliongeza sentimita 1. Maji ya bwawa peke yake yaliongeza 2. Mtu anayejaribu dawa moja tu angesema, kama nilivyosema mimi, kwamba dawa ile haifai. Lakini zote mbili pamoja ziliongeza 12.

Mjerumani Justus von Liebig, aliyetoa kitabu mashuhuri juu ya kemia na kilimo mwaka 1840, alieneza kanuni inayolieleza jambo hili: mmea hukua kwa kadiri ya kile kilichopungua kuliko vyote. Watu huifananisha kanuni hiyo na pipa la mbao. Kama ubao mmoja ni mfupi, maji yatamwagikia hapo, hata mbao nyingine ziwe ndefu namna gani. Na kama mbao fupi ni mbili, ukirefusha moja maji yatamwagikia kwenye ile ya pili. Pipa langu lilikuwa na mbao mbili fupi, na zote nilizikata mwenyewe.

Maji ya mvua ni mazuri kwa kunywa na kufua, lakini chumvi za ardhini na baikaboneti ni haba mno ndani yake, kwa kuwa mvuke unapopaa huziacha nyuma. Sato nao walikuwa wakiulisha mmea pasipo sisi kujua, kwa mavi yao na kwa amonia wanayoitoa, ambayo ina naitrojeni. Nilipowaondoa samaki na kumwaga maji yao, nilimwaga chakula. Ile niliyoiita uchafu ilikuwa mbolea.

DALILI NA DAWA ZAKE

Kwa wenzangu watakaotunza mmea huu, nyumbani au shuleni, haya yatafaa:

1. Sindano zikidondoka mara tu baada ya kuhamishwa, usiogope. Mmea unazoea maji mapya. Ngoja wiki mbili.

2. Majani ya zamani yakiwa manjano kwanza, shuku upungufu wa naitrojeni. Machipukizi mapya yakipauka, shuku upungufu wa chuma.

3. Shina likirefuka jembamba na majani yakiachana mbali, mwanga hautoshi.

4. Utando wa kijani ukifunika majani, jua limezidi. Sogeza chombo kidogo, usikifiche gizani.

5. Sehemu ya chini ikiwa nyeusi na kuoza, huenda umeuzika katika mchanga. Hauna mizizi, uache uelee.

6. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi katika ndoo kwa siku moja kabla ya kuyatumia.

7. Usitumie chombo kilichotiwa mrututu, wala dawa ya samaki yenye shaba. Shaba huua mimea ya majini.

8. Usimwage maji yote mara moja. Nusu yatosha, baada ya wiki mbili.

Na jambo moja la afya: sisi tunaoishi karibu na ziwa tunajua kichocho. Usiingie majini kwa miguu kuutafuta mmea huu, kwani konokono wanaobeba kichocho hupenda kukaa katika mimea ya namna hii. Teka kwa ndoo yenye kamba, uwaondoe konokono bila kutia mkono majini, kisha acha maji hayo yakae siku mbili kabla ya kuyatia mkono.

MWISHO WA HABARI

Tulilirudisha tangi dirishani, tukalitia maji ya bwawa na sato wadogo wanne. Mwezi wa Mei tulikuwa na vipande vya kutosha kidato kizima, na katika neli yangu nilihesabu viputo 31 kwa dakika.

Lakini kabla ya viputo kulikuwa na deni. Chupa nne za maji ya mvua niliziosha mwenyewe bila sabuni, na mmea ndani yake ulidhoofika vilevile. Chupa zile zilikuwa mashahidi wa yule kijana. Nilikuwa nimemhukumu kwa kipande cha sabuni mkononi, bila kujitazama mwenyewe. Kweli, nyani haoni kundule. Katika mkutano wa chama nilisimama mbele ya watu wale wale walionisikia nikimtukana, nikaeleza habari ya chupa nane, nikamwomba radhi.

Akasema, "Nimekusamehe, kaka. Lakini nilikuambia."

Naam, aliniambia. Jina lake limerudi daftarini, na daftari lenyewe liko mikononi mwake, maana mwaka ujao mimi sitakuwapo. Ukurasa wa kwanza nimemwachia maneno haya: kabla ya kuuliza nani ameharibu, andika kwanza wewe umebadilisha nini.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne