Motakaa Kuukuu na Vipuri Vyake

Katika nchi ya Ngara na Biharamulo watu wengi husafiri kwa motakaa za abiria ziitwazo Haisi. Motakaa hizi ni za kampuni ya Toyota ya Japani, iliyoanza kuziunda mwaka 1967. Nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha kutumika kwao miaka mingi. Zinatufaa, kwa kuwa Wajapani hupita upande wa kushoto wa njia kama sisi, na usukani wao uko kulia. Walakini kitu kuukuu hakikosi ubovu. Mwenye nacho hana budi kujua mambo mawili: kuutambua ubovu ungali mdogo, na kutafuta kipuri kinachokifaa hasa.

Tuseme dereva ametoka Bisibo alfajiri na abiria wake, na kati yao yumo mama mgonjwa apelekwaye hospitali. Njiani taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri inawaka. Dereva asema, "Ni betri tu, tutafika." Aendelea. Kitambo kidogo mshale wa joto wapanda, mvuke watoka, na mtambo wazimika porini. Mgonjwa analala chini ya mti, akingoja motakaa nyingine.

Je, kosa lilikuwa nini? Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Katika mitambo mingi ya motakaa hizi mkanda huo una kazi mbili. Huzungusha altaneta, yaani kile chombo kitiacho betri umeme. Tena huzungusha pampu ipelekayo maji ya kupoza mtambo. Ukikatika, taa ya betri huwaka kwanza, kisha maji huchemka. Dereva angalisimama mara ile ile, angalipoteza mkanda tu. Kwa kuendelea, silinda hedi imepasuka kwa joto, na gharama yake ni kubwa sana.

Kwa hiyo kila asubuhi, mtambo ukiwa umezimwa, dereva mwema huutazama mkanda. Ukiwa na nyufa au nyuzi zikining'inia, ubadilishwe. Huubonyeza kwa kidole gumba: ukilegea mno, ukazwe. Tena hutazama maji na oili. Lakini kifuniko cha rejeta hakifunguliwi mtambo ukiwa wa moto, maana maji yatamrukia mtu usoni na kumwunguza vibaya.

Sasa twende kununua. Duka kubwa la vipuri huenda likawa mbali, labda Mwanza. Tangu mwaka 2025 njia yake hupita juu ya daraja la Kigongo na Busisi, wala hatungoji tena kivuko. Hata hivyo safari ni ndefu, na atakayeleta kipuri kisichofaa atasafiri mara mbili. Haisi mbili zaweza kufanana kwa sura, lakini moja ina mtambo wa dizeli uitwao 2L, nyingine 3L au 5L, na nyingine ina mtambo wa petroli uitwao 1RZ au 2RZ. Mtu asiseme dukani, "Nipe chujio la Haisi." Aandike namba ya chasisi na alama ya mtambo, achukue na kipuri cha zamani mkononi, avilinganishe viwili hivyo kabla ya kutoa fedha.

Jambo jingine lawahusu hasa watu wa mpakani. Ng'ambo ya Rusumo, katika Rwanda, na ng'ambo ya Kabanga, katika Burundi, watu hupita upande wa kulia wa njia. Taa ya mbele iliyoundwa kwa njia za kulia huinua mwanga wake upande wa kulia. Ukiifunga katika motakaa yetu, itakaa vizuri na kuwaka vizuri, lakini itawapiga machoni wale wanaokuja mbele yako usiku. Basi haitoshi kipuri kiingie mahali pake. Lazima kifanye kazi yake pasipo kumdhuru mwingine.

Mwisho, fyuzi. Fyuzi ikiungua, weka nyingine yenye namba ile ile: ya 10 kwa 10, ya 15 kwa 15. Wako watu watiao kipande cha waya badala yake. Hao wameondoa mlinzi wa nyumba, kwa maana fyuzi huungua ili nyaya zisiungue. Ikiungua tena, tafuta sababu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Taa ile ndogo nyekundu ilikuwa ndio ufa.

MASWALI
1. Kwa nini taa ya betri iliwaka kabla ya maji kuchemka?
2. Taja mambo matatu ya kufanya kabla ya kununua kipuri.
3. Taa iliyoundwa kwa njia za kulia ina hatari gani kwetu?
4. Eleza kwa nini waya haufai badala ya fyuzi.