Kloridi ya Kobalti: Kijitabu kwa Walimu, Mafundi Sanifu Maabara na Wanafunzi

Chumvi inayobadili rangi

Kloridi ya kobalti ikiwa kavu kabisa ni ya buluu. Ikinyonya maji, hata unyevu wa hewani, hugeuka kuwa ya waridi. Ukiipasha moto, maji hutoka na buluu hurudi. Ndiyo maana hutumika kutambua maji. Wanafunzi wa biolojia hubandika vikaratasi vilivyotiwa chumvi hii pande zote mbili za jani. Kwa mimea mingi kile cha chini hugeuka waridi kwanza, maana stomata nyingi ziko upande huo. Chumvi hiyohiyo ndiyo hutia rangi chembe za buluu za silika jeli zinazolinda darubini dhidi ya unyevu.

Madhara yake

Vumbi lake likivutwa mara kwa mara linaweza kusababisha saratani. Huleta pia pumu, mzio wa ngozi na madhara kwa uzazi, na ni sumu kwa samaki. Ikimezwa inadhuru. Mwaka 1965 na 1966, mjini Quebec nchini Kanada, makumi ya wanywaji wakubwa wa bia waliugua moyo na wengi wakafa. Kiwanda cha bia hiyo kilikuwa kimetia humo salfeti ya kobalti, ndugu ya chumvi hii, ili povu lidumu.

Nani yuko hatarini zaidi?

Si mwanafunzi. Kikaratasi kimoja hubeba kiasi kidogo mno, na akikishika kwa kibano ngozi yake haiguswi. Tena kibano huzuia jasho la vidole lisiharibu jaribio. Anayestahili kuangaliwa zaidi ni fundi sanifu anayepima unga na kukausha karatasi, kazi ambayo baadhi ya shule humwachia peke yake bila hata barakoa. Hilo halikubaliki. Apewe glavu, miwani ya kinga na barakoa ya kuzuia vumbi, na afanyie kazi kwenye kabati la kufyonza hewa chafu kama lipo. Mjamzito asipewe kazi hii. Ni heri zaidi shule inunue karatasi zilizokwisha kutengenezwa, na silika jeli ya rangi ya chungwa isiyo na kobalti. Hivyo unga wenyewe hautaingia shuleni kabisa.

Kama unga bado upo shuleni na ukamwagika, usifagie pakavu: futa kwa kitambaa kibichi. Ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia machoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Aliyemeza asukutue mdomo, asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali pamoja na chupa yenye lebo.

Mabaki yasimwagwe kwenye sinki wala shimoni. Yakusanywe katika chupa yenye kifuniko na lebo, yafungiwe kabatini hadi yachukuliwe na wenye kibali cha kuteketeza taka za kemikali.